Moto usio na mwenyewe

Maneno haya niliyasema mwishoni mwa mwezi Mei kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji chetu, huku Mufindi, mkoani Iringa, mvua zilipokwisha kukata. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, hasa wenye mashamba ya miti wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya. Nawaomba wayasome mpaka mwisho, kwa sababu kuna mahali nawataja.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, mabalozi wa nyumba kumi, wazee wangu, akina mama, vijana. Kamwene!

(Kamwene!)

Ahsanteni. Tazameni huo mlima nyuma yangu. Leo majani yake ni ya kijani. Mwezi ujao baridi itaingia, Julai umande utaganda, na mtakapoamka siku moja mtayakuta majani yote yamekuwa meupe kama yaliyochemshwa. Hapo yameshakufa. Agosti upepo utaanza. Septemba na Oktoba mlima wote huo utakuwa kama paa la nyasi linalosubiri njiti moja, na mvua hatuioni mpaka Novemba. Nani hapa haijui kalenda hiyo? Mtoto wa darasa la tatu anaijua. Basi kwa nini kila mwaka moto unatukuta kama mgeni ambaye hakupiga hodi?

Mnanifahamu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mlinzi wa mnara wa moto kwenye shamba la miti la Serikali. Miaka kumi na tisa nilikaa juu ya mnara ule, na darubini, na dira, na redio ya mawasiliano. Kazi yangu ilikuwa kutazama moshi. Ukitazama moshi miaka kumi na tisa, unajifunza kuusoma. Moshi wa jikoni hupanda mwembamba asubuhi na jioni, ukaisha. Moshi wa watu wanaochoma shamba kwa pamoja hukaa mahali pamoja, unapungua, unaongezeka, unapungua tena, kwa sababu kuna mikono inayouongoza. Lakini uko moshi wa tatu. Huanza mdogo kule bondeni, mchana, saa saba au saa nane. Unatulia kidogo. Halafu unalala upande wa upepo, unabadilika rangi, na dakika kumi baadaye hauna tena mahali pa mwanzo wala mwisho.

Huo wa tatu ni moshi wa mtu aliyewasha akakimbia.

Ndugu zangu, moto niliouogopa miaka yote ile haukuwa moto mkubwa. Niliogopa moto usio na mwenyewe. Moto wenye watu, hata ukiwa mkubwa, una mtu wa kusema umeanzia wapi, unaelekea wapi, na nani yuko mbele yake. Moto usio na mwenyewe hauna wa kuuliza.

Nitawaeleza jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Mwaka 1987 nilikuwa kijana, sijaoa. Nilikuwa na kinyungu changu, bustani ya bondeni, kule mtoni, nataka kupanda maharage. Matete yalikuwa marefu, mimi nina haraka. Ilikuwa Septemba, saa nane mchana, upepo unapanda kutoka bondeni. Nikawasha. Sikumwambia mtu. Nilijisemea ni kaeneo kadogo tu, nitakazima mwenyewe kwa tawi.

Moto ulinishinda kabla sijahesabu hamsini. Ulishika majani ya kingo za mto, ukapanda mlima. Mnajua moto unavyopanda mlima? Sisi binadamu tukipanda tunachoka, moto ukipanda unapata nguvu, kwa sababu miali yake inalalia majani yaliyo juu yake na kuyakausha kabla haijayafikia. Mimi nilifanya nini? Nilikimbia. Nikazunguka kwa njia ya shuleni, nikatokea upande wa juu, nikavunja tawi bichi kama watu wengine, nikaanza kupiga moto huku nauliza kwa sauti kubwa, "Jamani, nani kawasha?"

Moto ule ulikula kihenge cha mahindi cha jirani yetu mmoja, mama mjane. Ulikula jiko lake la nyasi. Ulikula miti ya paina mia tatu aliyoiacha marehemu mumewe, ambayo alikuwa anaitegemea kwa ada ya watoto. Mtoto wake mkubwa hakuendelea na shule. Sikusema kitu. Nilikaa na jambo hilo miaka kumi na moja, mpaka siku moja nikaenda kwake na kumwambia, "Mama, ni mimi."

Akanijibu, "Nilijua siku ileile. Watu wote walikuja kuzima moto wakiwa safi. Wewe ulikuja na masizi tayari."

Kisha akaniambia neno ambalo ndilo limenileta hapa mbele leo. Alisema, "Kuwasha haikuniuma. Wote tunachoma. Iliniuma kwamba hukuita. Ungepiga yowe pale mtoni, tungekuwa watu kumi na tano kabla haujapanda."

Kwa nini sikuita? Niliogopa faini. Niliogopa kuitwa ofisini. Niliogopa kuonekana mjinga. Na leo nawauliza: kijana anayekwenda kuandaa kinyungu mwaka huu haogopi vilevile? Anayerina asali kwa mwenge badala ya bomba la moshi haogopi? Anayefukuza ndezi kwa moto haogopi? Kila mwaka tunatoa tangazo kwamba ni marufuku kuchoma. Kila mwaka tunachoma. Tangazo lile halijazima moto hata mmoja. Limetufundisha kuwasha kwa kujificha.

Sisemi sheria ivunjwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mtu apate kibali kabla ya kuchoma, na sheria hiyo ina akili, kwa sababu kibali maana yake ni kwamba kuna mtu mwingine anajua. Tatizo ni kwamba kibali tumekifanya kiwe mbali na kigumu, na kiberiti kiko mfukoni. Naomba kibali kisogezwe kwa balozi. Anayetaka kuchoma aende kwa balozi wake, balozi amwandike kwenye daftari, amfikishe kwa Mtendaji, na siku ikipangwa majirani wa mipaka yote waitwe. Tuchome Juni na Julai, majani yakiwa bado na unyevu na upepo haujaamka. Tuchome jioni, umande unakuja, kamwe si saa nane mchana. Kabla ya njiti, njia ya kukinga moto iwe imelimwa kuzunguka kipande chote, udongo uonekane mweusi. Moto uanzie upande wa juu, ushuke wenyewe polepole, usianzie chini kama mimi. Na anayeweza asichome kabisa. Babu zetu walifyeka majani ya kinyungu, wakayafukia chini ya tuta yakaoza, na maharage yao yalikuwa mazuri kuliko yetu.

Na moto ukikuponyoka? Piga yowe. Narudia: piga yowe. Namwomba Mwenyekiti na mkutano huu wakubaliane leo, iandikwe kwenye muhtasari, kwamba aliyeita watu moto ukiwa mdogo hatatendewa sawa na aliyekimbia. Mkinipa hilo moja tu, mengine yote niliyonayo mnaweza kuyasahau.

(Makofi.)

Sasa nageukia wasiokuwepo.

Ndugu zetu mlionunua mashamba hapa mkaenda zenu mjini, tunawapenda. Fedha zenu zimejenga nyumba za watu hapa, vijana wamepata vibarua. Lakini shamba lako unalijua? Unalo kwenye simu, picha aliyokutumia msimamizi akiwa amesimama barabarani. Ndani hujaingia. Mimi nimeingia.

Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inabeba miti karibu 450. Wengi mlituma fedha ya miche, mkatuma fedha ya kupandia, mkatuma ya palizi mwaka wa kwanza. Baada ya hapo kimya. Miti imefika mwaka wa sita, matawi ya chini yamekauka hayajapogolewa, yanagusa majani, na chini sindano za paina zimejaa mpaka goti, zina utomvu, zinawaka kama zimemwagiwa mafuta ya taa. Moto ukiingia kwenye shamba lililopogolewa na kufyekwa, unatembea chini, unaunguza gome, miti mingi inapona. Ukiingia kwenye shamba hilo lako, unashika majani, unashika tawi la kwanza kavu, la pili, la tatu, kama mtu anayepanda ngazi, unafika kileleni. Ukishafika kileleni hakuna kijiji kinachouzima. Hakuna.

Na paina si mlingoti, yaani mkaratusi. Mlingoti ukiungua, ukaukata, kisiki kinachipua. Paina ikiungua kileleni imekwenda. Unaanza na mche.

Yuko mwalimu mmoja, simtaji, aliyeweka kiinua mgongo chake chote kwenye ekari saba karibu na kijiji cha jirani. Miaka tisa alisubiri. Yeye mwenyewe alikuwa anafyeka, kila Mei, na kupogolea mpaka mita mbili na zaidi. Jirani yake alikuwa mjini, hapatikani hata kwa simu. Moto ulikuja kupitia shamba la yule wa mjini, na kwa sababu ulikuwa juu ya vilele, njia ya mwalimu ya mita nne ilikuwa si kitu, miali iliivuka kama mtoto anavyoruka mfereji. Nilimkuta asubuhi amekaa kwenye kisiki, miti yake bado imesimama, myeusi yote, inatoa moshi. Hakulia. Aliniuliza swali moja: "Mimi nilikosea wapi?"

Ningemjibu nini? Hakukosea popote kwenye ekari zake saba. Kuna methali ya Waswahili, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ni kijinga, kipande cha kuni kinachowaka. Tunaisema tukisifu ushirikiano. Lakini isikilizeni tena kwa sikio la mtu mwenye shamba. Kinga cha jirani na kinga changu. Shamba chafu na shamba safi vikipakana, moto hautambui hati.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya, na mtayajadili. Shamba ambalo mwenyewe hajafyeka mipaka yake mpaka tarehe 30 Juni, kijiji kifyeke, kwa vibarua wa hapahapa, na gharama adaiwe mwenyewe kabla hajapewa barua yoyote ya kuvuna. Na njia ya kukinga moto isiwe ya mtu mmoja mmoja, mita mbili zako na mita mbili zangu. Tukubaliane njia moja pana juu ya mgongo wa mlima, tuilime kwa pamoja, iwe ya wote. Mgongo wa mlima ndipo moto unapochoka, kwa sababu ukifika kileleni lazima uanze kushuka. Tuukamatie hapo.

Akina mama, mlinisubiri niseme habari za nyumba. Nitasema kwa ufupi.

Watu wanadhani nyumba inaungua kwa sababu ukuta wa moto umeifikia. Mara nyingi sivyo. Cheche hutangulia. Mliokuwa hapa mnakumbuka nyumba iliyoungua kitongoji cha juu wakati moto wenyewe ulikuwa bado ng'ambo ya barabara. Watu walisema ni uchawi. Nilikwenda kutazama. Nyumba ya matofali, bati jipya. Lakini kati ya bati na ukuta palikuwa na uwazi wa kupitisha kiganja, na juu ya dari kulikuwa na magunzi na mahindi yanayokaushwa. Cheche iliruka barabara, ikaingia kwenye uwazi, ikalala kwenye magunzi. Ukuta haukuguswa na kitu. Nyumba iliungulia tumboni.

Zibeni uwazi ule kwa udongo, ni kazi ya siku moja. Ondoeni sindano za paina juu ya bati na kwenye mifereji ya maji. Kuni zisiegemezwe ukutani, zikae mbali, hatua kumi au zaidi. Uwanja wa nyumba ufagiwe mpaka udongo uonekane, kama bibi zetu walivyofagia. Ule usafi wao haukuwa wa kupendezesha macho tu. Jiko la nyasi liko karibu na nyumba ya bati? Kiangazi hiki liezuliwe, na asiye na uwezo tumsaidie. Pipa la maji lijae muda wote. Vyeti vya watoto, kadi za kliniki, hati, dawa za mgonjwa, vikae kwenye mfuko mmoja, karibu na mlango. Mwenye pumu na mtoto mchanga waondoke mapema, moshi ukiwa bado mwembamba. Kitambaa chenye maji usoni kinapunguza vumbi na majivu, hakizuii sumu ya moshi. Na mifugo, fungueni zizi. Ng'ombe aliyefunguliwa atajitafutia, aliyefungwa hana la kufanya.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Pigeni, hata kama mnajua gari liko mjini na barabara yetu mnaijua. Pigeni mapema, ili muda wa barabara uwe umeshaanza kuhesabika.

Vijana, nyinyi ndio mnaotangulia mbele. Nisikilizeni hapa kuliko kwingine kote.

Oktoba 2020 mliona kwenye taarifa ya habari Mlima Kilimanjaro unawaka. Moto ule ulianza tarehe 11 eneo la Whona, na taarifa za awali zilisema ni wapagazi waliokuwa wanapasha chakula. Moto wa kupashia chakula! Ulichoma karibu kilometa za mraba 95. Walikwenda askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanakijiji kwa mamia, na bado ulichukua siku nyingi. Nilipotazama picha zile sikutazama miali. Nilitazama miguu ya vijana. Wengine walikuwa na kandambili.

Nina sababu ya kutazama miguu. Kwenye kikosi chetu alikuwepo kijana hodari, mwepesi, anayependwa na wote. Siku moja upepo uligeuka, na moto uliokuwa unashuka ukaanza kupanda kutufuata. Mkuu wa kikosi akapiga kelele, "Ingieni kwenye jivu!" Maana yake turudi tupite pale palipokwisha kuungua, kwa sababu moto hauli mara mbili. Sisi sita tuliingia kwenye jivu, tukalala, tukaungua nyayo kidogo, tukapona. Yeye alikimbia kupanda mlima. Alikuwa na mbio kuliko sisi wote, akaamini mbio zake. Alikuwa amevaa koti la nailoni, kwa sababu asubuhi ilikuwa baridi. Koti liliyeyuka mkononi mwake. Tulipomfikia, mmoja wetu kwa nia njema akampaka dawa ya meno. Hospitali walilazimika kuikwangua kwanza. Alipona, lakini mkono ule haukunyooka tena mpaka leo.

Kwa hiyo: usipande mlima moto ukiwa chini yako. Nenda kwenye jivu, au shamba lililolimwa, au uwanja wa mpira, au barabara pana. Bondeni kwenye matete makavu usiingie, hata kama mto upo. Vaa pamba au kaki, viatu vya ngozi, suruali ndefu. Asiende mtu peke yake. Kabla hujapiga tawi la kwanza, geuka nyuma utazame njia yako ya kutokea. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya baridi, yanayotiririka, dakika ishirini, kisha zahanati. Si asali, si mafuta, si dawa ya meno.

Na moto ukizimika, msirudi kusherehekea. Miaka yangu ya mnarani, mioto mingi niliyoiona saa sita mchana ilikuwa ile ya jana iliyozimwa na watu wakaenda kulala. Kisiki cha paina kinabeba moto kwenye mizizi siku tatu, siku nne, hakitoi hata moshi. Jua likipanda, upepo ukaja, kinaamka. Vilindeni visiki vile kwa zamu. Weka kiganja juu ya udongo. Ukiwa wa moto, chimba, mwaga maji, chimba tena.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namaliza muda wangu.

Yule mama niliyemwunguzia paina mia tatu mwaka 1987 yuko hapa. Amekaa pale, chini ya mparachichi, ana mtandio wa bluu. Nimeomba ruhusa yake kabla ya kusimama, akasema niseme yote. Shamba lake la sasa, alilopandiwa na wajukuu, limepakana na mlima upande wa upepo, na njia yake ya moto imejaa majani tangu mwaka juzi kwa sababu hana wa kuilima.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, nitakuwa pale mpakani na jembe langu. Tutaanzia kwake, tupande mpaka mgongoni mwa mlima, halafu tushuke kitongoji kwa kitongoji. Balozi wa kwetu ameshanunua daftari la vibali, na jina la kwanza lililoandikwa ndani yake ni langu: kinyungu kilekile cha mtoni, tarehe 20 Juni, saa kumi na moja jioni. Majirani wote wa mipaka mmealikwa. Njooni na matawi mabichi.

Kamwene.